Programu imegoma baada ya mfumo kupanda toleo: anza na dalili

Jana kompyuta ilikuwa nzima. Usiku mfumo endeshi ukapanda toleo, asubuhi unabofya programu uliyoizoea miaka nenda rudi, nayo haifunguki. Wengi hapo hukimbilia kuiondoa na kuisakinisha upya. Subiri kidogo. Kusakinisha upya huponya sehemu ndogo tu ya matatizo haya, hufuta ushahidi ambao ungekuonyesha chanzo, na zipo programu za zamani zinazoweka data zako ndani ya folda ileile unayotaka kuifuta.

Faili za programu hazikubadilika hata herufi moja usiku ule. Kilichobadilika ni sakafu ambayo programu ilikuwa imesimama juu yake. Swali basi si "programu ina nini?" bali "ilikuwa imeegemea nini ambacho sasa hakipo, au kipo lakini kimebadili masharti?" Vitu vya kuegemea ni vichache: upana wa biti (16, 32 au 64), maktaba za pamoja (faili ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja), draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa), ruhusa, na namba ya toleo. Dalili ndiyo itakayokuambia ni kipi.

Kabla hujagusa kitu

Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno pamoja na namba zake, au upige picha skrini. "Imeandika error" haimsaidii mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo kesho yake.

Kisha hakikisha mtuhumiwa, yaani toleo jipya la mfumo, ndiye mkosaji kweli. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, gonga Enter. Inafunguka kalenda yenye alama nyekundu kila siku programu fulani ilipoanguka, na siku mfumo uliposasishwa nayo imo. Linganisha tarehe. Niliwahi kupoteza saa tatu kwa programu iliyosingiziwa toleo jipya, kumbe alama nyekundu zilianza wiki nzima kabla. Diski ndiyo iliyokuwa inakufa. Tangu siku hiyo kalenda ile ndiyo naitazama kwanza.

Mfumo wenyewe unakataa kupanda

Hapa programu haijavunjika bado, ndiyo inayozuia. Ukikutana na 0xC1900208, kisakinishi kimeona programu au draiva isiyopatana na toleo jipya. 0xC1900200 ina maana kompyuta haifikii vigezo. Namba inayoanza na 0xC1900101 karibu kila mara inahusu draiva: chomoa kila kifaa isipokuwa kibodi, kipanya na skrini, ondoa kwa muda kinga ya virusi isiyo ya Windows yenyewe, sasisha draiva za diski na za mtandao, halafu jaribu tena.

Kisakinishi hakikutajii jina la mkosaji kwenye skrini, lakini huliandika pembeni. Fungua folda iliyofichwa C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, tafuta faili ya xml ambayo jina lake linaanza na CompatData, ifungue kwa Notepad na utafute maneno BlockMigration="True". Kwenye mstari huohuo utakuta kitu kama oem12.inf. Hilo ni jina la bandia ambalo Windows huipa kila draiva iliyotoka nje. Ili kumjua mwenyewe, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

pnputil /enum-drivers

Shuka hadi oem12.inf na chini yake utaona nani aliyeitengeneza na ni ya kundi gani. Mara nyingi inakuwa draiva ya printa iliyokwisha kutupwa au ya modemu ambayo hakuna anayeikumbuka. Ukishajiridhisha kwamba kifaa hakitumiki, iondoe kwa pnputil /delete-driver oem12.inf, ukiweka namba uliyoikuta kwako, na uanze safari upya.

Kuhusu vigezo, Windows 11 inataka prosesa ya biti 64 yenye koro mbili au zaidi, memori 4 GB, nafasi ya diski ya 64 GB, Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Usitupe kompyuta kwa sababu tu umeambiwa haina TPM. Nyingi zinayo ila imezimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, nayo haiitwi TPM pale: kwenye mashine za Intel tafuta PTT, kwenye za AMD tafuta fTPM. Andika tpm.msc kwenye Windows kuona hali ilivyo. Ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, isimamishe kwanza BitLocker kabla ya kugusa mpangilio huo, la sivyo kompyuta itakudai ufunguo wa urejeshaji itakapowaka, na huo ndio wakati watu wanagundua hawajui waliuweka wapi.

Zipo mbinu za kuruka ukaguzi huu. Sizipendi, lakini angalau ujue zina ukuta: kuanzia toleo la 24H2, lililotoka 2024, prosesa isiyokuwa na maagizo ya SSE4.2 haiwaki kabisa, na hakuna mbinu inayoongeza maagizo kwenye chipu.

"This app can't run on your PC"

Ujumbe huu ukija papo hapo, kabla ya dirisha lolote la programu kuonekana, kwanza fikiria biti. Windows ya biti 64 inaendesha programu za biti 32 bila shida, lakini haiendeshi za biti 16 hata moja. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 ambalo bado liliweza kuendesha programu hizo kuukuu; Windows 11 haina toleo hilo. Ndiyo maana programu iliyovuka salama kutoka Windows XP hadi 7 hadi 10 inafia ghafla kwenye 11. Haikuharibika, daraja lake limebomolewa.

Kuna mtego mmoja hapa. Programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32, ila kisakinishi chake, ile faili ya setup.exe kwenye CD, ni cha biti 16. Ilikuwa kawaida miaka ya 1990. Kama una kompyuta ya zamani ambako programu imekwisha kusakinishwa, nakili folda yake nzima uijaribu kwenye mpya kabla hujaikatia tamaa. Wakati mwingine inafunguka kana kwamba hakukuwa na neno.

Kama kweli ni ya biti 16, au ni ya DOS, acha kupigana na Windows. DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, itaichukua ya DOS, na mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) itachukua iliyobaki.

Maktaba haionekani

Ujumbe unataja faili yenye mwisho wa .dll kwamba haipo. Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowapeleka watu pabaya, kwa sababu hulitafuta jina la faili mtandaoni, wakaipakua kwenye tovuti wasiyoijua, wakaitumbukiza System32, folda ya mfumo wenyewe. Usifanye hivyo. Faili moja iliyookotwa haijulikani ni ya toleo gani wala imeguswa na nani.

Jina lenyewe linakuambia kifurushi unachohitaji. MSVCR90 ni ya kifurushi cha maktaba za Microsoft kiitwacho Visual C++ 2008, MSVCR100 ya 2010, MSVCR110 ya 2012, MSVCR120 ya 2013. VCRUNTIME140 na MSVCP140 ni za 2015 na kuendelea, zote kwenye kifurushi kimoja. (Usiitafute ya 130. Microsoft waliiruka namba 13.) Vifurushi vyote vinapatikana bure kwa Microsoft wenyewe. Sakinisha cha x86 (biti 32) na cha x64 (biti 64) pamoja, maana kinachohesabika ni biti za programu, si za Windows. Programu ya biti 32 itaendelea kulia hata ukiiwekea x64 mara kumi.

Tatizo hili huwapata zaidi waliofuta diski na kuanza upya kuliko waliopandisha toleo juu ya lililokuwepo, kwa sababu vifurushi hivyo vililetwa na programu nyingine zamani na hakuna aliyejua kwamba vipo.

Ndugu yake ni kosa 0xc000007b. Hapo maktaba ipo, ila programu ya biti 32 imekutana na maktaba ya biti 64, au kinyume chake. Mara nyingi ni matunda ya ile faili iliyookotwa mtandaoni.

Programu zilizoandikwa kwa ajili ya .NET, mkusanyiko mwingine wa maktaba za Microsoft, toleo la 2.0 hadi 3.5 zinahitaji kipengele cha .NET Framework 3.5. Windows 7 ilikuja nacho ndani. Windows 10 na 11 zinakitaka ukiwashe kwenye orodha ya "Turn Windows features on or off", na kompyuta iwe na intaneti. Ikigoma kwa 0x800F081F, haikuzipata faili za chanzo. Chomeka diski ya kusakinishia ya toleo lilelile ulilonalo, tuseme imekuwa D:, uandike kwenye dirisha la amri la msimamizi:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs

Inafunguka kisha inajifunga kimya

Hapa ujumbe haupo, kwa hiyo ufuate mwenyewe. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha Application, utafute tukio namba 1000 la dakika ileile programu ilipozima. Ndani yake kuna mstari wa "Faulting module name". Usitazame jina la programu, unalijua tayari, tazama hapo. Ukikuta faili ya draiva ya kadi ya michoro, kwa mfano nvoglv64.dll ya Nvidia au atio6axx.dll ya AMD, tatizo si la programu kabisa. Pakua draiva mpya kwa mtengenezaji wa kadi, maana ile inayoletwa na Windows wakati wa kupanda toleo wakati mwingine huwa ya kutosha kuonyesha skrini na si zaidi. Ukikuta faili ya kinga ya virusi, ipumzishe kinga hiyo ujaribu. Ukikuta ntdll.dll, hujapata kitu: ntdll hutajwa kwa sababu kosa lilitua pale, kama vile jirani anavyotajwa kwa sababu mwizi alipitia uani kwake.

Kwa michezo na programu za kitaalamu zenye kinga dhidi ya kunakiliwa kuna ukweli mchungu. Kinga ya SafeDisc, iliyotumika kwenye diski nyingi za michezo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitegemea draiva ya secdrv.sys, na Windows 10 haikuja nayo tena. Diski ni halali, umeinunua, na haitafunguka. Tafuta toleo la mchezo huohuo linalouzwa leo bila kinga hiyo.

Kifaa chenye ufunguo wa USB kinachofungua programu kikiwa hakitambuliwi, kagua Windows Security, sehemu ya Device security, kisha Core isolation. Memory integrity ikiwa imewashwa, draiva za zamani zisizotimiza masharti hazipakiwi, na Windows inaweza kukuonyesha orodha yake hapohapo. Kuizima ni dawa ya muda tu. Mwandikie aliyetengeneza kifaa umwombe draiva mpya.

Inafunguka vizuri, lakini data hazipo

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho, na nitakaa hapa kidogo.

Mtu mmoja aliniita akiwa amechanganyikiwa. Programu yake ya hesabu, ya zamani, iligoma kidogo baada ya kupanda toleo: ilikuwa inaganda wakati wa kuchapisha. Rafiki akamshauri abofye kitufe cha kulia cha kipanya na achague "Run as administrator". Akafanya hivyo. Programu ikafunguka safi kabisa, na ndani yake mkawa na wateja wa siku ya kwanza tu, wale aliowaingiza siku programu iliposakinishwa. Kazi ya miaka minne hakuna. Alikuwa tayari ameshaanza kuwaingiza upya kwa mkono.

Data hazikupotea. Programu za zama za Windows XP zilikuwa na tabia ya kuandika faili zake ndani ya folda yao wenyewe, chini ya Program Files. Kuanzia Windows Vista, mwaka 2007, programu inayoendeshwa kwa njia ya kawaida hairuhusiwi kuandika pale. Ili programu hizo zisife, Windows ikaja na hila: programu ya biti 32 isiyojitangaza kuwa ya zama mpya ikijaribu kuandika Program Files, faili inaelekezwa kimyakimya kwenye folda binafsi ya mtumiaji, na kila ikiisoma inapewa nakala ile ya pembeni. Programu haijui, wewe hujui. Lakini ukiiendesha kama msimamizi, hila ile inazimwa. Programu inasoma Program Files halisi, ambako kuna faili ya siku ya kwanza, haijaguswa tangu hapo.

Data zako ziko hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\

Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo andika anwani hiyo moja kwa moja kwenye kidirisha cha juu. Ndani utakuta folda yenye jina la programu, na faili zenye tarehe za juzi na jana. Zinakili kwanza mahali salama kabla ya lolote. Kisha chagua moja: rudi kuiendesha programu kwa njia ya kawaida, au hamisha programu nzima kwenye folda isiyo chini ya Program Files, mfano C:\Hesabu, ukiweka ndani yake faili zile za VirtualStore. Mimi huchagua hilo la pili, kwa sababu kesho rafiki mwingine atashauri tena "Run as administrator".

Yule bwana alikuwa na akaunti mbili kwenye kompyuta hiyo, yake na ya msaidizi wake. VirtualStore ni ya kila mtumiaji peke yake. Kwa hiyo kwa miaka minne kila mmoja alikuwa na daftari lake bila kujua, na ndipo tulipoelewa kwa nini hesabu zao zilikuwa hazikubaliani.

Programu inadai toleo la mfumo si sahihi

Baadhi ya programu huuliza namba ya toleo zinapofunguka, na zikisikia namba zisiyoijua hukataa kuendelea. Ukaguzi mwingi wa namna hii uliandikwa vibaya, kiasi kwamba watengenezaji wa mifumo wamejifunza kutunza namba zao kama yai. Windows 7 kwa ndani ni 6.1, si 7. Windows 11 hadi leo inajitambulisha kama 10.0, kinachoitofautisha ni namba ya ujenzi, 22000 kwenda juu. Apple nao, walipotoka 10.15 kwenda 11 mwaka 2020, waliziambia programu zilizojengwa kwa vifaa vya zamani kwamba toleo ni 10.16, ili zisishtuke.

Hapa, na karibu hapa tu, ndipo kichupo cha Compatibility kina kazi kubwa. Bofya faili ya programu kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, kisha ichagulie Windows 7, ikishindikana Windows XP (Service Pack 3). Kinachofanyika ni Windows kuidanganya programu kuhusu namba, pamoja na kurudisha tabia chache za zamani. Haileti draiva, haileti maktaba iliyokosekana, haigeuzi biti. Watu huitumia kama dawa ya kila homa, kisha husema haifanyi kazi. Kumbuka tu kwamba kisakinishi nacho kinaweza kuwa ndicho kinachokagua namba, kwa hiyo kifanyie hivyohivyo.

Kwenye kichupo hichohicho kuna mpangilio wa DPI, yaani msongamano wa nukta za skrini. Kama tatizo lako ni maandishi yenye ukungu au menyu ndogo kama chungu kwenye skrini mpya, bofya "Change high DPI settings" na ujaribu "System (Enhanced)".

Hifadhidata haiungani

Programu inafunguka, inaomba data, inajibu kwamba Microsoft.Jet.OLEDB.4.0 haijasajiliwa. Jet 4.0, injini ya zamani ya Microsoft ya kusomea hifadhidata kama za Access, ipo kwa biti 32 pekee. Kama katika kupanda toleo ulipewa pia programu ya biti 64, iwe Office au hiyo unayotumia, haiwezi kuiona. Sakinisha Access Database Engine ya biti zilezile za programu inayouliza, na kwenye mipangilio ya muunganisho jina la Jet libadilishwe kuwa Microsoft.ACE.OLEDB.12.0.

Ukitumia ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata, jihadhari na jambo ambalo sijui aliyelibuni alikuwa anamkomoa nani. Zipo zana mbili za kusajili vyanzo vya data, na zote mbili zinaitwa odbcad32.exe. Iliyo ndani ya System32 ni ya biti 64. Iliyo ndani ya SysWOW64 ni ya biti 32. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ukisajili chanzo kwenye moja, programu ya biti nyingine haitakiona, nawe utaapa kwamba umekisajili. Mkanganyiko huohuo upo kwa regsvr32, amri ya kusajili maktaba kwenye Windows: faili kama MSCOMCTL.OCX ya programu za Visual Basic 6 huwekwa SysWOW64 na kusajiliwa kwa regsvr32 ya humo humo, kwenye dirisha la msimamizi.

Folda ya mtandao imepotea

Programu nyingi husoma data kutoka seva ndogo au diski ya mtandao, na zikikosa njia husema "faili haipo". Kabla ya kuilaumu programu, jaribu kufungua folda hiyo kwa mkono. Ikigoma, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili. Kifaa kinaongea SMB1, lugha ya zamani ya kushirikiana faili kwenye mtandao ambayo Windows 10 iliacha kuisakinisha mwishoni mwa 2017. Au kinaruhusu wageni wasio na nenosiri: Windows 11 Pro ya 24H2 inadai mazungumzo yawe na saini, na mgeni hana cha kusaini. Sasisha programu ya kifaa, tengeneza mtumiaji mwenye nenosiri. Kuiwasha SMB1 tena kunawezekana, ila ndiyo mlango ambao WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu ili walipe, ilipitia mwaka 2017.

Ukiwa kwenye Mac

Ukiona alama ya duara lenye mstari juu ya ikoni ya programu, ni biti tena. macOS Catalina ya 2019 iliondoa programu zote za biti 32 kwa siku moja, na hakuna mpangilio wa kuzirudisha.

Kwenye Mac zenye chipu ya Apple, programu za Intel huendeshwa na Rosetta 2, mkalimani wa Apple, na kwa kawaida hutaona tofauti. Penye shida ni viongezo, hasa vya sauti. Programu kuu ikisasishwa kuwa ya chipu mpya, viongezo vya Intel hutoweka kwenye orodha yake ingawa faili zipo palepale. Chagua programu kuu, Get Info, weka alama kwenye "Open using Rosetta", ifungue tena. Viongezo hurudi. Lakini usijenge nyumba hapo: Apple wametangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na Rosetta kwa upana wake wa sasa itafika macOS 27.

Dalili nyingine inayochanganya: kwenye mkutano wenzako wanaona picha ya ukutani tu badala ya dirisha lako. Hiyo ni ruhusa ya kurekodi skrini, nayo inaweza kuonekana imewashwa wakati haifanyi kazi. Kuizima na kuiwasha hakutoshi mara nyingine. Ichague programu, iondoe kwenye orodha kwa alama ya kutoa, kisha uiongeze upya.

Ukiwa kwenye Linux

Ubuntu hukuzimia hazina za nje (vyanzo vya programu visivyo vya Ubuntu wenyewe) unapopanda toleo, na haziwaki zenyewe baadaye. Kwa hiyo programu iliyotoka huko inabaki ya zamani juu ya mfumo mpya. Anza kwa kuzikagua ndani ya /etc/apt/sources.list.d.

Kisha tumia ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, dhidi ya faili ya programu, na usome mistari yenye "not found" pekee. libssl.so.1.1 ikiwemo, programu ilijengwa kwa OpenSSL (maktaba ya usimbaji) ya zamani, Ubuntu 22.04 ilihamia ya 3. Kuchukua kifurushi cha 20.04 na kukisukumiza humo kunafanya kazi, ila OpenSSL 1.1.1 iliacha kutunzwa Septemba 2023, kwa hiyo usifanye hivyo kwa programu inayogusa mtandao. AppImage (programu iliyofungwa ndani ya faili moja) isiyofunguka inahitaji libfuse2, ambayo kwenye 24.04 imebadilishwa jina kuwa libfuse2t64. Ujumbe wa GLIBC, maktaba ya msingi ya mfumo, kutopatikana ni kinyume cha yote haya: programu ni mpya na mfumo wako ndio umechelewa.

Mazingira pepe ya Python (folda ya maktaba za mradi mmoja) usijaribu kuyakarabati, yafute uyaunde upya. Yamefungwa kwenye toleo la Python ambalo limeondoka: 22.04 ilikuwa na 3.10, 24.04 ina 3.12, na 3.12 iliiondoa kabisa distutils, zana ya zamani ya kusakinishia vifurushi.

Simu

Hapa huna mengi ya kufanya. iOS 11 ya 2017 ilizima programu za biti 32. Android 14 inakataa kusakinisha programu zilizolengwa chini ya Android 6.0, ingawa iliyokuwemo kabla ya kupanda inabaki. Basi usiiondoe "ili uisakinishe upya".

Ukishindwa

Windows huhifadhi mfumo wa awali kwenye Windows.old kwa siku 10. Siku hizo zikiwa hazijaisha unaweza kurudi kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Ukihitaji muda zaidi wa kujaribu, ongeza mapema:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Kikomo ni 60. Amri hii haina maana siku ya kumi na moja, na usafishaji wa diski ukifuta Windows.old mapema, hakuna pa kurudi. Kabla ya kurudi, zima leseni za programu zinazohesabu kompyuta, maana baadhi zitaona mashine iliyorudi kama mashine ya pili.

Siku zikiwa zimepita, weka mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe, VirtualBox kwa mfano, usakinishe programu hiyo moja tu, kisha uondoe kabisa kadi ya mtandao kwenye mipangilio ya mashine hiyo. Faili zipite kwenye folda ya pamoja. Ikishakaa sawa, izime, unakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, na uandike juu ya diski hiyo ni ya programu gani.